Karata Zilizokutwa kwa Baba

Baba yangu alizikwa bila kanisa. Nalisema hili mapema kwa sababu niliificha sababu yake kwa miaka minne, na mtu akishazoea kuficha jambo hulizunguka hata anapotaka kulisema. Hakuimbiwa, hakusomewa neno, na juu ya kaburi lake hapakuwekwa msalaba. Kosa lililoleta hayo lilikuwa langu, nami nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwa watu waliokuwa wakimhukumu.

Nafundisha historia katika sekondari moja ya huku Ilemela. Kazi yangu ni kuwaambia watoto wa watu wasikubali jambo kabla hawajauliza: nani kasema, alikuwepo, alijuaje? Basi Jumamosi moja nilinunua mkoba wa mtumba Kirumba, wa ngozi ya kahawia, mzito kidogo kuliko ulivyoonekana. Nilipofika nyumbani Buswelu nikafungua zipu ya ndani nikakuta karata zimefungwa kwenye kitambaa. Hazikuwa karata tunazozijua. Zilikuwa ndefu, nyingi, karibu themanini, na zilikuwa na picha: mzee aliyeshika taa, mwanamke anayemfumbua simba kinywa, mnara unaoungua huku watu wakidondoka, jua lenye uso wa mtu. Pamoja nazo kulikuwa na kijitabu cha Kiingereza kilichoziita taroti.

Kijitabu kilisema karata hizi zilitungwa na makuhani wa Misri ya kale. Eti walipoona mahekalu yao yatachomwa, waliificha hekima yao yote kwenye picha, wakaigeuza mchezo, wakijua kwamba binadamu hupoteza vitabu lakini mchezo hautupi. Anayejua kuzipanga, kilisema, husikia makuhani wale wakimjibu. Nilikisoma chote nikiwa nimesimama, sijavua hata viatu. Nami, mwalimu wa historia, sikuuliza nani kasema.

Wakati huo baba alikuwa na miezi mitano tangu apigwe na kiharusi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea, na mtaalamu wa mazoezi hospitalini alitusisitiza kwamba mkono usiachwe ulale. Mgonjwa apewe vitu vya kuokota na kupanga. Mama alimletea maharage na mahindi yaliyochanganywa, ayatenge. Baba alitenga konzi mbili, kisha akausukuma ungo ukaanguka. "Mimi si kuku," akasema. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote wiki ile, na mimi na mama tulicheka hadi machozi.

Nikampelekea karata. Nilisubiri mama aende kwenye kikundi cha akina mama kanisani, kwa sababu mama ni Mjita wa pwani ya Mara, Mkristo wa kuzaliwa, mtoto wa watu waliofundishwa kwamba karata ni kitabu cha shetani. Sikutaka maneno. Nilimwambia baba iwe siri yetu wawili.

Inabidi nieleze baba alitoka wapi, maana jambo lote limekaa hapo. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, Sengerema, mtoto wa mfumu. Kwa Wasukuma mfumu ndiye anayeona yaliyofichika, na babu yangu aliyaona ndani ya kifaranga: mwenye shida alikuja na kifaranga, akakitemea mate, babu akakipasua na kusoma mabawa na matumbo yake. Ujuzi ule ulitakiwa ushuke kwa baba. Baba akakimbia. Aliajiriwa jikoni kwenye meli za mizigo za ziwani, akabatizwa ukubwani, na aliporudi kusema jina lake jipya babu alimwambia, "Siku nikifa usije." Babu alipokufa hawakumwita. Kwa hiyo baba alikuwa na ombi moja tu kuhusu mazishi yake, alilolisema kabla ya kuugua na akalirudia kwa shida baada ya kuugua: azikwe kwao, kando ya babu, lakini azikwe na kanisa.

"Nikivushwa ziwa kwenda Kamanga waimbe," alisema. "Watu wa kule wasikie kwamba mtoto wa mfumu hakupotea. Amerudi na wenzake."

Zile karata alizipokea kwa mkono wa kushoto, akazitandaza juu ya shuka. Alizitazama muda mrefu. Kisha akaanza kuzitenga kwa ule mkono mbovu, polepole, jasho likimtoka puani, akapata mafungu manne na la tano. Nilidhani anafuata picha tu. Akaniita nikae.

"Hii ni kalata ya kawaida," akasema. "Angalia. Vikombe hivi ni kopa. Sarafu hizi ni uru. Mapanga ni shupaza. Magongo ni pau."

Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia, neno moja moja, kwamba kwenye meli yake ya kwanza mpishi mkuu alikuwa Mgoa, mzee aliyecheza karata kila siku baada ya kuosha masufuria, na ndiye aliyewafundisha vijana wa jikoni kwamba kopa kwa Kireno ni kikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni upanga na pau ni fimbo, ingawa kwenye karata zao picha hizo hazikuwepo tena. Sasa baba alikuwa anaziona kwa macho yake kwa mara ya kwanza, akiwa na umri wa miaka sabini na kitu, kitandani. Alifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake stendi.

"Na hizi zenye watu?" nikamwonyesha fungu la tano.

"Tulufu," akasema, yaani turufu. "Zinakula nyingine. Ndiyo maana zina namba."

Nikamsomea habari za makuhani wa Misri. Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akafumba macho.

"Mwanangu, mimi nimelelewa na mtu aliyekuwa anauliza," akasema. "Anayeuliza hafurahi. Kuna damu, kuna kufunga kula, kuna kuogopa. Hawa hapa wanacheza."

Wiki zilizofuata tulicheza. Tulijitungia kanuni, kubwa inakula ndogo, turufu inakula zote, na mkono wake ukaanza kushika. Siku moja alipata karata ya mifupa iliyopanda farasi, yaani Kifo, namba kumi na tatu, akaigeuza huku na huku. Nilitaka kuichukua. Akaniambia nihesabu zinazofuata. Zilikuwa nane. Karibu na mwisho kulikuwa na malaika anayepiga tarumbeta na watu wanaotoka makaburini uchi. Baba akaiweka juu ya Kifo, taratibu, kwa mkono wa kulia.

"Palapanda," akasema. "Hii inamla yule."

Kama ningeishia hapo ningekuwa na kumbukumbu nzuri tupu. Lakini kijitabu kilikuwa kimeniingia. Nilimwomba baba tupange karata tuulize kama atatembea tena. Akakataa. Alikataa mara moja, na hakunigombeza, ila siku hiyo hakutaka kucheza. Basi siku moja mchana, mama akiwa sokoni na baba amelala, nilizichukua nikazipanga mwenyewe kitandani kwangu, kama kijitabu kilivyoelekeza, nikauliza. Likaja jua, lile lenye uso wa mtu. Kijitabu kilisema ni afya na furaha. Nililia kwa furaha, nikazirudisha chini ya mto wake, na kwa siku kumi na moja nilitembea nikijua kwamba baba yangu atapona.

Siku ya kumi na mbili kiharusi cha pili kikamchukua kabla hatujamfikisha hospitali.

Msiba ulipowekwa, akina mama wa kanisa waliingia chumbani kutoa godoro na kufagia, kama ilivyo desturi. Mmoja akainua mto. Nilisikia ukelele, kisha nyayo za haraka kuelekea kwenye turubai walikokaa wazee wa kanisa. Karata zikaletwa kwenye meza ndogo ya plastiki, kwa kijiti, hakuna aliyetaka kuzigusa. Mzee wa kanisa aliyekuwa anaongoza alikuwa mtu mwema. Alimtembelea baba kila Alhamisi na kumletea sato. Alizisukuma kwa kijiti moja moja: mifupa juu ya farasi, mnara unaoungua, halafu ikatokea yenye pembe na mabawa ya popo na watu wawili wamefungwa minyororo. Hapo akaacha. Malaika mwenye parapanda alikuwa humohumo chini, hakuna aliyemfikia.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," mtu akasema nyuma ya turubai. Mzee akamkemea, lakini neno lilikuwa limeshaketi. Kila mtu Buswelu alijua babu yangu alikuwa nani.

"Mama," mzee akamwambia mama yangu, "tumekuja kwa heshima. Mzee wetu tulimpenda. Lakini unajua kanisa haliziki mtu wa ramli. Hivi vitu ni vya nani?"

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kanga kichwani. "Vimekutwa kwenye mto wake, mzee," akasema. "Mmeviona wenyewe."

Mzee akainua uso akatutazama wote. "Kuna mwenye neno?"

Nilikuwa na neno. Ndoa yangu ilikuwa imetangazwa kanisani Jumapili mbili, ilibaki moja. Nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Mtu wa namna hiyo akikutwa na ramli hafungi ndoa madhabahuni, na wakwe hawasubiri. Nilifikiri haya yote kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kuyaandika. Nilitazama meza. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na baba alikuwa mochwari. Sikusema.

Wakazichoma nyuma ya nyumba, pamoja na mto.

Tulimvusha kesho yake kwa gari la mizigo dogo, ndugu wachache na majirani wawili watatu wasioogopa. Kwenye kivuko mwanamke aliyebeba ndizi alilitazama jeneza, akatutazama sisi tuliokaa kimya, akamuuliza mama kwa sauti ya huruma, "Huyu hana kanisa?"

"Analo," mama akasema.

Ng'ambo, baba mdogo, mdogo wake baba, alitupokea na watu wa kijiji. Hakuwa mkali. Aliweka mkono juu ya jeneza akasema, "Basi, amerudi kwetu." Watu wakaitikia. Baba yangu alikimbia miaka zaidi ya hamsini ili neno hilo lisisemwe juu yake, na mimi nilisimama pale nikalisikia. Mama hakulia. Wanawake wa kule walimshangaa, kwa sababu mjane asiyelia husemwa, lakini yeye alikaza macho kwenye udongo hadi kazi ikaisha.

Jumapili iliyofuata ndoa yangu ikatangazwa mara ya tatu. Kiongozi aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Hakuna aliyekuwa nalo.

Nilianza kutafuta ukweli wa zile karata wakati wa likizo ya kwanza, baada ya kuolewa. Nilijiambia ni udadisi wa kazi. Nikasoma kwenye simu, nikasoma vitabu nilivyoazima, nikauliza maswali niliyopaswa kuuliza siku ile nilipofungua mkoba. Nikakuta baba alikuwa sahihi kwa kila kitu. Karata zilifika Ulaya zikitoka nchi za Waislamu, Misri ikiwemo, lakini zilifika kama mchezo, zikiwa na vikombe, sarafu, mapanga na magongo. Huko Italia, miaka kama mia sita iliyopita, matajiri waliwaagiza wachoraji wawaongezee fungu la tano la picha, nyingine zikapakwa dhahabu, ziwe turufu. Mle wakachora walichokiona kanisani na mtaani: papa, mfalme, mpumbavu, kifo, nyota, mwezi, jua, malaika wa siku ya mwisho. Kila moja ilikula iliyo chini yake. Kama kulikuwa na jambo la roho ndani yake, lilikuwa lile lile aliloliona baba juu ya shuka, kwamba kifo kinamla papa na mfalme, na kuna kinachomla kifo. Makuhani wa Misri waliletwa na msomi mmoja Mfaransa karne tatu baadaye, naye hakuwa na ushahidi wowote. Aliona picha za ajabu akaamini lazima zinasema kitu. Wengine wakamfuata, wakaanza kuziuliza.

Nilimchukia msomi yule kwa muda. Ilikuwa rahisi kumchukia yeye.

Mwaka wa nne tulienda kumjengea baba kaburi. Fundi alikuwa wa palepale kijijini. Alipomaliza kusakafia akamgeukia mama. "Mama, hapa kichwani naweka msalaba au naacha wazi?"

"Acha wazi," mama akasema.

"Weka," nikasema mimi.

Mama akanitazama. "Kanisa halijaruhusu. Tusimwongezee baba yako maneno."

Fundi akaona mambo ya wenyewe, akaenda kuosha mwiko. Nikakaa juu ya mfuko wa saruji uliobaki, nikamwambia mama kila kitu. Mkoba, kijitabu, siku niliyopanga karata kitandani kwangu, lile jua. Nilimwambia kwamba baba hakuziuliza karata kamwe, na kwamba mtu wa ramli katika nyumba ile nilikuwa mimi. Mama alikuwa ameshika ndoo ya maji. Aliiweka chini bila kumwaga hata tone.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu siku uliyomletea. Baba yako alinificha nini? Alinionyesha jioni ileile. Akaniambia, mwache, mtoto amenitafutia dawa ya mkono."

"Sasa mbona siku ile hukusema?"

"Niseme nini? Nikutaje?" Sauti yake haikupanda. "Yeye alikuwa amemaliza safari. Wewe ulikuwa na ndoa. Nikapima, nikamwacha yeye. Lakini mzee alipouliza kuna mwenye neno, nilikuwa nakutazama miguu. Nilidhani utasogea."

Hajawahi kunisema kwa neno kali kuliko hilo, na hakuhitaji.

Nilikwenda mbele ya wazee wa kanisa wiki ileile. Mzee aliyetushughulikia siku ya msiba bado alikuwepo, sasa anatembelea fimbo. Nilianza kueleza mambo ya Italia, na wachoraji, na dhahabu. Akaninyanyulia mkono.

"Ya Italia utawafundisha wanafunzi," akasema. "Mzee wetu alipiga ramli?"

"Hapana, mzee. Nilipiga mimi."

Akainama, kidevu juu ya fimbo. "Siku ile niliuliza mara ngapi kama kuna mwenye neno?"

"Mara moja."

"Ndoa tunaitangaza mara tatu," akasema. "Mtu akifa tunauliza mara moja, halafu tunaenda." Nilisimamishwa shule ya Jumapili, nikazuiwa Meza ya Bwana kwa miezi sita, nikakaa benchi la nyuma na watu wakajua sababu. Mume wangu alijua siku hiyo pamoja na wengine wote. Hakunifukuza, ila alikaa wiki mbili akinisemesha kama mgeni, na hiyo pia ilikuwa haki yangu.

Kisha kanisa likavuka. Hawakuwa wengi, mchungaji, mzee wa fimbo, na waimbaji tisa, wengine wazee wenzake baba. Waliimba kutoka upande wa mjini hadi Kamanga, katikati ya pikipiki na matenga ya nyanya, na wakaimba njia nzima hadi kijijini. Baba mdogo alitoka nyumbani kwake akasimama mbali, ameshika kofia mkononi. Fundi alikuwa ameshasimamisha msalaba. Mchungaji alisoma, akaomba, akalitaja jina la ubatizo la baba kwa sauti iliyofika kwa majirani.

Mama akasogea hadi kwenye kaburi, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya saruji. "Mzee," akasema, "wamefika." Halafu akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa asubuhi ile, na wanawake wa kule wakaja kumshika.

Mimi sikusogea. Mama alikuwa amenisamehe, na kanisa lilikuwa limenipa adhabu yenye mwisho. Aliyebaki ni yeye aliyelala pale, aliyesema niachwe kwa sababu nimemtafutia dawa ya mkono. Nilitaka kujua kama neno hilo bado analisema, hata baada ya nilichomfanyia. Hapakuwa na wa kumuuliza. Ndipo nilipoacha kumchukia yule Mfaransa. Kama zile karata zisingechomwa, kama ningekuwa nazo ndani ya mkoba mchana ule, ningezitandaza juu ya saruji mbele ya mchungaji na kwaya yote, nikijua fika kwamba ni mchezo, na ningeuliza.